Pumzi ya Mama Consolata

Nyamhanga alipokea kazi ya kwaya ya kwao Butiama mwezi wa pili, na aliifurahia kuliko kazi zote zilizomfikia mwaka ule. Studio yake iko Kamunyonge, mjini Musoma. Ni chumba kimoja cha uani chenye kompyuta, spika mbili na kibanda cha mbao kilichopigwa sponji ndani, ambamo mwimbaji husimama peke yake. Wateja wake wengi ni vijana wa bongo fleva. Kwaya ya Butiama ilikuwa jambo lingine, maana yeye mwenyewe aliwahi kuimba besi humo, miaka ishirini na mitano iliyopita, kabla hajahamia mjini.

Kigango kilikuwa kinatimiza miaka hamsini. Mwenyekiti wa kwaya, Recho, alitaka nyimbo tatu zirekodiwe upya kwa ajili ya sherehe. Wa kwanza ulikuwa ule wa kushukuru mavuno, ambao beti zake ziliimbwa tangu zamani na mtu mmoja tu, Mama Consolata. Sasa alikuwa na miaka sitini na tisa.

Walikuja Musoma kwa mafungu. Kila mmoja aliingia kibandani, akavaa hedifoni, akaimba akifuata mdundo uliogonga masikioni kama saa ya ukutani. Mama Consolata aliingia wa mwisho. Mstari wa kwanza hakuumaliza kwa pumzi moja. Kwenye ubeti wa pili sauti ilitetemeka, ikashuka, akaikimbilia tena. Alipotoka alivua zile hedifoni kwa mikono miwili, akazishika kidogo kabla ya kumkabidhi Nyamhanga.

"Humo ndani hakuna mtu," alisema.

"Ndivyo inavyotakiwa, mama. Ili kila sauti nije niitengeneze peke yake."

Mama Consolata aliitikia kwa kichwa, akaenda kukaa na wenzake kivulini. Recho akabaki.

"Utamnyoosha?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nitamnyoosha."

"Mnyooshe kabisa. Siku hizi kwaya za mjini zinatoa nyimbo hazina hata kona. Sitaki watu waje watuonee huruma siku ya sherehe."

Nyamhanga alifanya kazi ile kwa wiki nzima, na aliifanya kwa upendo. Kwenye skrini sauti ya Mama Consolata ilionekana kama milima midogo iliyopangana. Kila neno lililoshuka alilipandisha mpaka mahali pake. Mtetemo aliusawazisha. Maneno aliyoyaimba kwa nguvu aliyaminya, yale dhaifu akayainua, mpaka yote yakawa na kimo kimoja. Kisha akageukia pumzi. Kati ya mstari na mstari mama alikuwa akivuta hewa kwa kusikika, na Nyamhanga alizikata pumzi zile moja baada ya nyingine, akaacha ukimya safi. Mwisho akaongeza mwangwi, kana kwamba wimbo uliimbwa katika kanisa kubwa la mawe. Alipoisikiliza yote, aliona amempa mama zawadi.

Jumapili alipakia spika kwenye pikipiki akaenda Butiama. Baada ya ibada wanakwaya walikaa kwenye mabenchi, naye akawapigia wimbo wa mavuno. Walipiga makofi. Recho alisimama kabisa. Wimbo ulipokwisha, Mama Consolata akauliza, "Huyu binti ni wa wapi? Anaimba vizuri."

Watu wakacheka, wakidhani ni utani. Hakuwa anatania. Debora, mwalimu wa kwaya, alimwinamia. "Ni wewe, mama."

Aliomba upigwe tena. Safari hii alisikiliza amefumba macho.

"Sio mimi," alisema mwisho, bila hasira. "Mimi huwa nachoka. Huyu hachoki."

Recho alianza kueleza habari za kompyuta. Mama Consolata alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamgeukia Nyamhanga. "Mwanangu, twende nyumbani ukale. Umetoka mbali."

Alimpa ugali wa udaga, ule wa muhogo uliovundikwa, na dagaa wa kukaanga. Nyamhanga alijiona kama mtoto aliyevunja chombo akiwa anakiosha.

"Unakumbuka kule Bunda?" mama aliuliza. "Tulivyoendaga kwa Isidori?"

Alikumbuka. Ilikuwa mwaka tisini na tisa. Isidori alikuwa fundi redio, na alikuwa na mashine ya kurekodi kaseti na maiki moja tu. Alirekodi kwaya katika chumba alichohifadhia pamba yake kabla ya kuiuza. Magunia yalipangwa ukutani mpaka juu, na sauti humo ilikuwa tulivu, haikurudi. Ile maiki aliining'iniza kwenye boriti katikati ya chumba, akavaa hedifoni zake zilizofungwa kwa utambi, akasema waimbe.

"Alitusumbua siku nzima," mama alisema akicheka. "Wewe rudi nyuma. Wewe sogea. Alfonce wangu akatolewa nje kabisa, akaambiwa aimbie dirishani."

Alfonce alikuwa mumewe, besi ambaye akikohoa kanisani watoto walikuwa wanaamka. Alifariki miaka tisa iliyopita.

"Na mimi akaniweka hapa." Mama Consolata alinyoosha mkono mbele ya uso wake, kiganja kikiwa wazi. "Hatua moja kutoka kwenye maiki. Nikiimba namsikia Alfonce kule nje. Nikipungukiwa pumzi, yeye ananishikilia mpaka nirudi. Wewe ulikuwaga mlangoni na Masanja, besi mwenzio."

"Kaseti ile ipo?"

"Aa, iliazimwa ikaisha hivyo hivyo. Hata sijui ilimfia nani."

Njiani kurudi Musoma, Nyamhanga aliwaza jambo moja tu. Isidori hakuwa na vitufe vya kupandisha na kushusha sauti. Alikuwa anahamisha watu. Mwenye sauti kubwa alienda mbali, mwenye sauti nyembamba alisogea, na wimbo ulikuwa umeshachanganywa kabla haujaingia kwenye kaseti. Waliimba wakisikiana. Yeye alikuwa amewafungia mmoja mmoja kwenye kibanda, kisha akajaribu kuwakutanisha kwenye skrini.

Kesho yake alifungua sauti ya Mama Consolata kama ilivyorekodiwa, akaondoa kila alichoongeza. Alitumaini kuipata sauti yake halisi pale chini. Ila nayo haikuwa yenyewe. Alisikia mama mzee anayefuata mdundo wa saa katika chumba kitupu, akijitahidi asiachwe. Akampigia simu Recho.

"Nataka turudie. Wote pamoja, hukohuko Butiama, maiki moja."

"Nyamhanga, watu wameshaupenda ule."

"Mwenye wimbo hajajitambua humo, mwenyekiti."

"Tukirudia ikawa mbaya je?"

"Utatumia ule wa kwanza. Sitaufuta."

Jumamosi asubuhi walikutana kwenye ukumbi wa kigango. Pamba haikuwepo, kwa hiyo Debora aliwaambia watu waje na magodoro na mablanketi. Walikuja nayo vichwani, wakayaegemeza ukutani na kuyatundika madirishani, mpaka ukumbi ukanyamaza. Nyamhanga alitundika maiki kwenye boriti. Akavaa hedifoni, akawaambia waimbe, na siku ikaanza.

Soprano alizirudisha hatua tatu. Benjamini wa sauti ya tatu, aliyeimba kwa ukali, alimgeuza atazame ukutani, na wengine wakamcheka mpaka naye akacheka. Mama Consolata alimweka hatua moja kutoka kwenye maiki. Mara mvua ikapiga mabati wakalazimika kuacha. Wakala viazi, wakaongea habari za waliokufa na walioolewa mbali, mvua ikapita. Walipoanza tena, Nyamhanga alisikia pengo. Chini ya wimbo palikuwa pepesi. Besi walikuwa watatu tu, na wawili walikuwa wanafuata wa tatu.

Debora alikuwa amelisikia pia. "Wewe ulikuwaga besi," alimwambia.

"Zamani sana. Na nani ataangalia mashine?"

"Mashine si inarekodi yenyewe?"

Nyamhanga akabonyeza kitufe cha kurekodi, akavua hedifoni, akaenda kusimama mlangoni. Hakuwa ameimba kwa zaidi ya miaka ishirini, na maneno yalikuja bila kuitwa. Kwenye ubeti wa pili Mama Consolata alifika mahali pale pale palipomshinda kule Musoma. Sauti yake ilitetemeka. Akaacha mstari katikati, akavuta pumzi bila haraka, na besi zikabaki chini yake zikimngoja. Alipoushika tena mstari alikuwa amegeuza uso kidogo kuelekea dirishani. Hakuna aliyemtazama. Waliendelea mpaka mwisho.

Kazi iliyobaki Kamunyonge ilikuwa ndogo. Nyamhanga alipunguza mvumo wa chini uliotokana na upepo, akalainisha makali ya herufi ya "s" yaliyochoma sikio, na kwa mkono akainua miisho ya mistari ya Mama Consolata pale ilipozama mno. Pumzi hakuigusa hata moja. Alisikia pia sauti yake mwenyewe, nzito na iliyochakaa, ikitangulia kidogo mahali pamoja. Alitamani kuipunguza, lakini haikuwezekana, maana ilikuwa imeingia pamoja na za wengine.

Siku ya sherehe Recho alikuwa na rekodi zote mbili za wimbo wa mavuno kwenye simu. Mpaka wageni wanakaa alikuwa hajaamua. Kisha alimwona Mama Consolata akiingia ameshikwa mkono na mjukuu, na akampa fundi wa spika ule wa ukumbini. Wazee kadhaa walianza kuitikia kutoka kwenye viti vyao, kwanza taratibu, halafu wazi. Vijana wawili walitoka nje. Ule ulionyooshwa Recho aliuweka mtandaoni wiki iliyofuata pamoja na wa ukumbini, ukapata wasikilizaji wengi kuliko huo, na Nyamhanga hakumlaumu.

Siku ile ya sherehe Mama Consolata alisikiliza ameweka mikono magotini. Ulipofika ule ubeti wa pili, alimgusa begani Nyamhanga aliyekaa kando yake.

"Hapo nilichoka," alisema.

"Nimesikia, mama. Niipunguze sauti hapo?"

"Acha," alisema, akaendelea kusikiliza.