Pikipiki ya Ensio Isiyokata Kona

Ensio Kenttävaara alikuwa mtu mwema, ila kitu cha bure kilikuwa kinamtoa akili. Jirani alipomwachia mkanda wa mpira wa pikipiki kuukuu ya theluji, ule unaozunguka badala ya magurudumu, mkanda mrefu ajabu, aliuburuta hadi nyumbani huku akipiga mluzi.

Shida yake ilijulikana bonde zima la Mto Tornio, unaotenganisha Ufini na Uswidi. Pasaka iliyopita alimpakia mama yake, bibi Lempi, kumpeleka kanisani, na katikati ya mto ulioganda pikipiki yake fupi ikazama kwenye theluji laini. Bibi akabaki shimoni, kofia tu ndiyo inayoonekana, mpaka shemeji yake Ensio, Raimo, mume wa dada yake, alipokuja na pikipiki yake mpya inayong'aa akamwopoa. Tangu siku hiyo bibi hakupanda tena ya mwanawe.

"Pasaka hii nakupa nafasi moja," alimwambia Ensio. "Ukinizamisha, au tukikuta ibada imeanza, basi tena. Raimo atanibeba mpaka nizikwe."

Ensio aliumia. Yeye ndiye mtoto wake wa kiume wa pekee, na sasa anashindwa na mkwe!

Mkanda mrefu hauzami, hilo kila mtu analijua. Lakini ule ulipita kiasi, na mwenye akili timamu angeukata. Ensio akate kitu kizima? Watu wa bonde lile huweka hata misumari iliyopinda. Akaona heri airefushe pikipiki iufuate mkanda. Na kwa kuwa mkanda huzunguka chini ya bati lililokunjwa, ambalo mafundi huliita handaki, ilibidi handaki liongezwe. Bati la kununua hakutaka hata kulisikia. Aliokota mtaroni kibao cha alumini cha kuwaonya madereva wajihadhari na kulungu, kilichong'olewa na gari la kusukuma theluji, akakikunja kwa nyundo na magoti, akakipiga ribiti kule nyuma. Hakikutosha. Akaongeza mlango wa friji mbovu. Bado. Akaongeza beseni la mama yake la kufulia, bila kumwuliza. Kiti nacho akakiunda kwa mabenchi ya sauna, hivyo kila Jumamosi bibi Lempi alipokuja kuoga mvuke hakukuta pa kukaa.

"Tutaoga wima mpaka lini?" aliuliza.

"Mpaka Pasaka, mama."

"Hata farasi hulala chini mara mojamoja."

Asubuhi ya Pasaka Raimo alikuja kutazama, kikombe cha kahawa mkononi. Akatembea kutoka kichwa hadi mkia wa ile pikipiki. Kahawa ikapoa.

"Shemeji, hii, kichwa kikifika kanisani, mkia utakuwa bado unafunga mlango wa nyumba."

"Cheka tu. Leo mama hazami."

"Hazami, sawa. Na kona je?"

 Kona Ensio hakuwa ameifikiria hata kidogo.

Walichelewa kuondoka, kwani bibi alilitambua beseni lake na ikabidi aombwe msamaha. Kisha wakateremka mtoni. Ikaelea! Juu ya theluji laini kabisa ilipita kama kijiko juu ya maziwa mgando, na Ensio akapiga kelele za furaha ndani ya kofia yake. Walipofika pa kukata kushoto kuelekea kanisani, akakata usukani. Mbao za mbele za kutelezea ziligeuka. Pikipiki haikugeuka.

"Ensio, kanisa lile pale!"

"Naliona, mama!"

"Mbona unalipita?"

Alining'inia upande mmoja, akarukaruka, akaisihi, akaitukana, siku ya Pasaka. Nyuma yao kengele ikalia na mlango wa kanisa ukafungwa. Basi tena. Ensio akaacha kuhangaika na usukani, na ile pikipiki ikanyoosha kuvuka mto mzima hadi Uswidi, ikapanda ukingo na kusimama yenyewe ilipogota kwenye ukuta wa kanisa dogo la mbao.

Pale hapakuwa na mtu. Saa za Uswidi ziko nyuma kwa saa moja, na ibada ilikuwa haijakaribia. Bibi Lempi alibaki ameketi kwenye benchi la sauna, mikono mapajani.

"Nisamehe, mama," Ensio alisema. "Panda ya Raimo tu."

Bibi hakumsikia. Alikuwa analitazama lile kanisa.

"Hapa ndipo nilipobatizwa," alisema. "Nikavushwa siku ya harusi. Baba yako akikata kushoto, wewe ukikata kushoto, Raimo naye kushoto. Kila Pasaka natazama huku, nasema labda leo."

Ensio alijua mama yake alizaliwa ng'ambo. Alijua tangu utotoni, na hakuwahi hata siku moja kumwuliza. Aibu ilimchoma mpaka masikioni.

Raimo, aliyewafuata kwa pikipiki yake, alifika akihema. "Mama, shuka nikurudishe! Huyu atakufikisha Norwe!"

"Nenda kakae na mkeo, Raimo. Mimi nimewahi ibada."

Baada ya ibada waumini wote waliushika ule mkia, wakaubeba wakiuzungusha kati ya makaburi ya uani mwa kanisa, kaburi kwa kaburi, mpaka kichwa kikatazama nyumbani.

Wiki ile Raimo alikuja na msumeno, akajitolea kuupunguza. Bibi Lempi alikuwa amekaa juu ya ule mkia, kwa kuwa sauna bado haikuwa na benchi, na hakusogea.

"Usiguse," alisema. "Hii ndiyo inayonijua."