Kuku Walioliwa na Wifi

Mke wa seremala aliporudi kutoka kusaga, unga kichwani, alikuta manyoya yametapakaa uani kama godoro lililopasuliwa.

“Kuku wangu wako wapi?”

Wifi yake, aliyefika jana kutoka mjini, alikuwa kivulini akichokonoa meno. “Tumekusaidia usafi, wifi. Kila nikikanyaga, kinyesi! Wengine wamo sufuriani, wengine nimemuuzia mchuuzi, nikapata nauli ya kurudia.”

Seremala alijifanya kupiga randa ubao uliokwisha kulainika. “Mgeni njoo, mwenyeji apone,” akasema bila kuinua macho.

“Apone nani? Mbolea ya mchicha nitatoa wapi? Nani atadonoa mchwa kwenye mbao zako? Kupe wa ng’ombe atawatoa nani, wewe?”

Seremala akazidi kupiga randa.

Mkewe akaingia bandani. Tetea mweusi aliyekuwa akiatamia hakuwepo. Mayai yake yalibaki kikapuni, yana vuguvugu bado. Hapo hasira ikampanda. Akayafungasha kwenye kitambaa, akakimbilia kwa jirani, ambaye alikuwa hasemezani naye tangu kuku hao wachakure bustani yake.

“Una kuku anayeatamia?”

“Ninaye. Lakini si ni kuku wako walionimalizia mboga?”

“Leo wameliwa wao.”

Jirani akamtazama usoni, mara akanyoosha mikono. “Lete upesi, yatapoa.”

Aliporudi, wifi alikuwa amemwekea paja zima. Hakuligusa. Alitia mafuta ya taa kwenye kopo, akalitua mbele ya mumewe.

“Ng’ombe anakungoja. Anza na kupe wa masikioni, uwatumbukize humu.”

“Unanivunjia heshima mbele ya dada yangu?”

“Dada yako atashika mkia.”

Wifi akaangua kicheko, akidhani ni utani wa mawifi. Akacheka peke yake hadi kikamkauka. Seremala akabeba kopo. Dada mtu akamfuata zizini, kashikilia gauni lisiguse samadi. Ng’ombe alimchapa mkia wa uso, akapiga yowe. Kesho yake alfajiri akaondoka bila kuaga.

Vifaranga walianguliwa kwa jirani, wanawake hao wawili wakagawana nusu kwa nusu. Seremala alikuja na chenga za mahindi kiganjani, anatabasamu, anatafuta suluhu.

“Weka hapo chini,” mkewe akamwambia, “urudi kwenye mbao zako.”

Akatia kufuli kwenye banda. Ufunguo akauvaa shingoni, hata kulala analala nao.