Sisimizi Chini ya Mercedes

Wakazi wote wa Kolwezi, wachimbaji, makarani, wafanyabiashara na wenye vyeo, wanajulishwa kwa heshima kubwa kwamba Jumatatu asubuhi, saa mbili na nusu, Mercedes 240 ya mwaka 1981, mali ya Tata Mulumba, ambayo imekwisha kubeba maharusi kumi na wanne na askofu mmoja, ilikojoa barabarani.

Ilikojoa nyekundu. Tangu nyumbani usukani ulikuwa mzito, na Tata Mulumba, ambaye husafirisha wauzaji wa makaa kati ya Kolwezi na Mutshatsha, anajua dawa yake. Alisimama pembeni, akafungua buti, akachukua chupa ya mafuta mekundu na kuimimina yote kwenye kopo la pampu. Kilomita mbili mbele, usukani ulikuwa mzito kuliko mwanzo na pampu ilikuwa inalia kama nguruwe anayekamatwa. Akageuza gari kwa nguvu za mikono yote miwili, malori ya madini yakimpigia honi na kumwachia vumbi lao, akarudi polepole mpaka kwa fundi Stany.

Kwenye kiti cha nyuma alikuwepo binti yake wa miaka kumi na sita, anayerudishwa internat, shule ya bweni ya masista, baada ya likizo. Binti huyu ni mtulivu, ni msomi, ni mcha Mungu, na hahusiki kabisa na hadithi hii. Tuendelee.

Karakana ya Stany ni mabati matatu, shimo la kuingilia chini ya magari na kiti kilichong'olewa kwenye basi. Mbele yake, kando ya barabara, iko meza ya Mama Angèle. Anauza mafuta ya magari kwa chupa zilizokuwa za maji ya kunywa: meusi ya injini, ya njano ya breki, mekundu ya usukani. Meza hiyo inalisha watu saba. Asubuhi hiyo alikuwa amepitiwa na Zéphirin, mtu wa ofisi inayokagua bidhaa, ambaye huweka muhuri wa serikali ndani ya soksi. Mama Angèle hakuwa na cha kumpa.

"Hauna kitu? Haina mambo, mama," alisema Zéphirin. "Mi nitaikala hapa. Siku client moja tu atalalamika, meza inaenda."

"Ikala, chef. Kiti iko bure."

Akakaa kwenye kile kiti cha basi. Alikuwa bado amekaa Mercedes ilipoingia.

Sasa sayansi. Mafundi wengi wa mji huu wakiona mafuta chini ya gari, hung'oa kwanza kile kilicho ghali. Stany hafanyi hivyo. Yeye ni kijana mwembamba asiyependa kuharakishwa.

"Pompe ilikufa," alisema Tata Mulumba.

"Tata, docteur ni weye ao ni miye?"

"Ni weye."

"Basi ngoja."

Aliosha pampu, mipira na boksi la usukani kwa petroli na brashi ya meno, akavikausha kwa kitambaa mpaka vikang'aa. Kisha akamgeukia jirani yake.

"Mama Angèle, nipe unga kidogo."

"Unga? Bei ya meka ya unga inapanda kila juma, na weye unataka kupakaa motere poda?"

"Mukono moja tu, mama. Pale mafuta inatokea, unga itakuwa nyekundu. Hatutabahatisha."

Mama Angèle alifungua mfuko wa unga aliokuwa amenunua kwa ajili ya bukari, ugali wa jioni, akampimia konzi moja, akairudisha nusu.

Stany alipuliza unga juu ya kila kiungo mpaka injini ikawa kama keki ya harusi. Tata Mulumba akaiwasha, akazungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, tena na tena. Wote waliinama. Boksi lilibaki jeupe. Pampu ilibaki nyeupe. Lakini pale mpira wa presha unapoungana na pampu, doa dogo la waridi lilitokea, likapanuka, likadondoka.

"Njo hii!" Stany alipiga makofi. "Flexible. Kukaza tu." Akachukua spana namba kumi na tisa, akakaza nusu mzunguko, akafuta, akapuliza unga tena. Mara hii ulibaki mweupe.

Hadithi ingeishia hapo, na binti wa kiti cha nyuma angewahi masomo ya mchana kama kawaida yake. Ila pampu iliendelea kulia. Stany akafungua nati ya kifuniko cha kopo. Ndani hakukuwa na mafuta. Kulikuwa na povu la waridi, zito, limejaa mpaka juu.

"Hii ni nini?"

Akapiga magoti atazame dimbwi lililobaki chini ya gari. Sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka ukutani hadi hapo, mstari mzuri kama wanafunzi wanaokwenda misa.

"Tata Mulumba, tangu ulizaliwa ulionaka bilulu inakunywa mafuta?"

Alichovya kidole kwenye kopo, akakinusa, akakiweka ulimini. Mafundi wa hapa huonja kila kitu: breki ni chungu, maji ya betri hawarudii mara ya pili. Hii Stany aliirudia.

"Sukari," alisema. "Batu bametia sukari mu mafuta."

Kiti cha basi kililia. Zéphirin alikuwa amesimama.

"Mafuta ilitoka wapi?"

Tata Mulumba alitazama chini. "Juzi. Kwa Mama Angèle."

"Hapana!" alisema Mama Angèle. "Chef, mi siwezi. Mafuta yangu inatoka mu pipa, inaingia mu chupa, basi. Sukari yenyewe nitaitoa wapi?"

Hakuna aliyemwamini, na hakuna aliyemlaumu sana pia. Mjini kwetu petroli inakatwa kwa mafuta ya taa, saruji inakatwa kwa mchanga, dawa za malaria zinakatwa kwa chokaa. Mtu akiambiwa mafuta yamekatwa kwa sukari, anauliza tu ni kiasi gani.

Zéphirin alikwisha toa karatasi. Aliandika PV, hati ya kosa, juu ya boneti yenye unga, akampa Tata Mulumba kalamu.

"Signer hapa, tata. Uko victime, ulizulumiwa."

"Mama, mi sina mubaya na weye," alisema Tata Mulumba. "Lakini hii gari njo shamba yangu." Akatia sahihi. Muhuri ukatoka kwenye soksi, ukapulizwa pumzi, ukagongwa.

Stany hakuwa amemaliza. "Tata, ile chupa ulimwaga, leta nione."

Tata Mulumba alifungua buti. Alikawia. Aliporudi alikuwa na chupa mbili. Moja ilikuwa tupu. Nyingine ilikuwa imejaa, nyekundu, na shingoni ilikuwa imefungwa utepe wa mpira wa baiskeli.

"Hii njo yangu," alisema Mama Angèle, akigusa utepe. "Mi nafungaka zote hivi. Na bado haiyafunguliwa." Akaichukua ile tupu, akainusa. "Na hii ni ya nani?"

Tata Mulumba aligeuza kichwa taratibu, akatazama kiti cha nyuma cha gari lake.

Hapa mwandishi anaona ni vigumu kuendelea kusema "binti yake". Nilishuka.

"Ni yangu, papa. Ni grenadine."

Huko internat tuna desturi. Usiku wa kwanza wa muhula, wakubwa hukaa mbele ya wanafunzi wapya, mmoja akatoa chupa ya mafuta ya gari, akainywa yote, akaanguka, akafa kwa mchezo. Mwaka jana watatu walilia na mmoja aliapa kuwa mtawa. Mwaka huu zamu ilikuwa yangu. Niliikoroga sharubati ile kwa uangalifu mpaka rangi ikafanana, nikaificha kwenye buti chini ya godoro langu, pembeni ya chupa ya mafuta ya papa. Nilipomwona anaimimina kwenye pampu, nilikuwa na dakika nzima ya kusema. Niliitumia kuzuia kicheko.

Papa hakunipiga. Ingekuwa afadhali.

"Umesikia, chef," Stany alisema. "Pasua ile karatasi."

Zéphirin alinitazama juu mpaka chini. "Uko na miaka ngapi?"

"Kumi na sita."

"Mineure. Mutoto akikubali kosa, aveu yake haina valeur." Akaikunja PV mara nne. "Na cachet ilishapigwa. Cachet hairudiake nyuma."

"Lakini mi sishitaki tena, nafuta plainte yangu," alisema papa.

"Kuya ofisi, tata. Kuna formulaire ya kufuta. Kwa sasa haimo."

Zéphirin alipakia chupa ishirini na moja kwenye pikipiki yake, za injini, za breki, za usukani, pamoja na faneli. Meza haikutosha, akasema ataifuata kesho. Stany alirudi kwenye Mercedes, akaanza kunyonya povu kwa mpira, akilitema chini. Sisimizi waliongezeka.

Mama Angèle alipangusa meza yake tupu kwa kanga, akakaa nyuma yake kama siku zote.

"Weye. Kuya hapa," aliniambia. "Simama. Kila muntu atakuya kuuliza mafuta, weye njo utamujibu."

Wa kwanza alikuwa dereva wa lori, anatafuta mafuta ya breki.

"Hakuna, tata," nilisema. "Balibeba yote. Lakini mafuta ya Mama Angèle ilikuwa safi. Ni miye nilitia grenadine, Glodie, mutoto wa Mulumba."

Dereva alicheka, akaondoka. Mama Angèle hakucheka.

"Kwa nguvu kidogo," alisema. "Kule mu ofisi habakusikia."