Theluji ya Moha

Asubuhi moja ya Januari, Itto alitoka uani kuchukua beseni la maji akande unga wa shayiri. Maji yalikuwa yamelala nje usiku kucha na baridi yake iliuma mifupa, lakini yalikuwa bado maji. Mumewe, Moha, akatumbukiza vidole anawe. Beseni zima likaganda papo hapo.

"Moha, si ungeniacha nikande kwanza?" Itto alisema.

Moha akaomba radhi, akaenda kuwasha jiko.

Jiko lilikuwa la ofisi ya maji ya bondeni: pipa la chuma juu ya nguzo, nyuma ya zizi la mbuzi. Kila wingu zito lilipokuja kuuegemea mlima, Moha alifungua gesi na kuchoma ndani yake chumvi ya fedha, ile fedha ya bangili, si ya mfukoni. Moshi ulipanda, theluji ikashuka. Ilipoyeyuka, maji yake yaliteremka hadi bwawani, na kutoka bwawani hadi kwenye michungwa ya watu ambao Moha na wanakijiji wenzake wa Tamdrust hawajapata kuwaona. Baada ya miaka mingi moshi ule ulikuwa umemwingia Moha mwilini. Sasa hata bila jiko, akipita kwenye ukungu theluji ilianguka pale alipo, ikamfuata njia nzima, ikakoma alipoingia ndani. Majirani walimwomba tu asikatize kwenye nyua zao siku za kuanika sufu.

Mhandisi wa ofisi, mwanamke kijana aitwaye Ghizlane, alisikia habari hizo akaja na vipimo vyake. Alimtembeza Moha ukingoni mwa mlima, akamrudisha, akamtembeza tena, asichoke kutazama. Alimweleza kwamba mawingu ya huku yana matone yaliyo baridi kuliko barafu na bado hayagandi, kwa sababu hayana hata chembe ya vumbi ya kushikia.

"Kumbe ni wageni," Moha alisema. "Wamesimama mlangoni, hakuna aliyewaambia karibu."

"Na wewe ndiye unayewakaribisha, ami?"

"Mimi napita tu, binti yangu. Wao ndio wanaokaa."

Ghizlane alicheka, akamwomba apite mara moja zaidi.

Mwezi wa Februari, Tuda, binti yao aliyekuja kujifungulia kwa mama yake, alishikwa na uchungu. Mkunga alimpapasa tumbo, akasema mtoto amelala kikingamo, huyu ni wa hospitali. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mlima, na wingu lilikuwa linaelekea kwenye mwanya ambamo barabara hupita. Mwaka uliotangulia, binti wa jirani alifia mwanyani humo, wabebaji wake wakiwa wamezama kwenye theluji hadi kifuani.

Wanaume wakamlaza Tuda kwenye ngazi iliyotandikwa mablanketi. Moha akashika ncha moja. Itto akamwondoa mkono.

"Wewe huendi naye."

"Ni mwanangu, Itto."

"Ndiyo maana."

Moha akaelewa. Alimbusu binti yake kwenye paji la uso, akageuka, akapanda kilele cha magharibi, ambako mawingu hupita kwanza kabla ya kufika barabarani. Huko akatembea ndani ya ukungu, akienda na kurudi, akiusemesha kwa sauti ya kawaida: karibuni, kaeni, nafasi ipo. Theluji ilimfika magotini, kisha kiunoni. Hakuona barabara wala hakusikia mtu. Kilichomtafuna ni kutojua kama anamsaidia mwanawe, au anazunguka tu mlimani kama mwendawazimu.

Wingu lilipofika mwanyani lilikuwa limemwaga kila lilichobeba. Wabebaji walivuka viatu vikiwa na vumbi. Tuda akajifungua mtoto wa kike.

Kesho yake walimchimbua Moha kwa sepetu. Alikuwa mzima, ana njaa.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, wazee walimwendea mkuu wa tarafa kuomba zahanati, na kama haiwezekani, basi walau greda la kuzoa theluji. Aliwaandalia chai ya mnanaa, akawasikiliza hadi mwisho.

"Wenzenu wa bonde la pili hawana hata mtu," aliwaambia. "Nyinyi mna Moha."

Ofisi ya maji nayo ikaagiza jiko liendelee kuwashwa kama kawaida, kwa kuwa bwawa lilikuwa halijajaa.

Tangu hapo, mwanamke wa Tamdrust akijijua mjamzito humwambia Moha kabla ya mumewe. Moha humpongeza, humuuliza mtoto anatarajiwa mwezi gani. Akisikia ni wa kiangazi, hufurahi waziwazi. Akisikia ni wa Januari au Februari humpongeza vilevile, kisha hupeleka viatu vyake kwa fundi, vitiwe soli mpya.