Kisanduku cha Pembeni

Miaka tisa Kadzo alishona kola. Si shati, kola tu. Kule kiwandani, upande wa Miritini, mashati ya watoto wa shule za ng'ambo yalimpitia vipande vipande, na chumba cha kuchorea na kukatia kilikuwa na mlango wa chuma na askari. Siku moja alichungulia. Msimamizi akamwambia mbele ya safu nzima, "Wewe shona. Karatasi zina wenyewe, wenye vichwa." Ilikuwa Jumanne, mvua inanyesha, na yule bwana alikuwa anatafuna njugu. Kadzo hasahau. Anayetukana husahau jioni hiyo hiyo, anayetukanwa huweka.

Kiwanda kilipofunga milango bila kwaheri, yeye na Gladys, mwenzake wa kazi, waliweka vyerehani vyao barazani kwa Da Suad, Timbwani, huku Likoni. Sasa shule ya mtaa imewapa jora moja la kitambaa cha buluu, watoe mashati thelathini. Jora moja, halina pacha. Wakiliharibu, kazi itavuka kivuko iende kwa mafundi wa kisiwani, na itasemwa tena kwamba wanawake wa Likoni wanajua kufuata mshono tu.

Asubuhi hiyo Gladys alirudi kutoka saiba, duka la kompyuta, na pateni, ile michoro ya kukatia, imechapwa kwenye karatasi kumi na mbili. Waliziunganisha kwa gundi juu ya mkeka, A kwa A, B kwa B. Kadzo akazisoma kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza: mshale huu unaonyesha uzi wa kitambaa ulale wapi, mstari huu wa vitone unasema kunja, usikate.

"Kadzo!"

"Abee, Da Suad."

"Haya, shika mkasi. Adhuhuri yaingia, nasi twakodolea macho karatasi."

Kadzo akalaza kiganja juu ya kipande cha kola. Akakiondoa. Akakilaza tena.

"Kola hii ni fupi."

Gladys akaangua kicheko. "Karatasi imetoka kwa kompyuta, wewe umetoka Kaloleni. Nani ajuaye hesabu hapo?"

Ile Jumanne ikamrudia Kadzo, na njugu zake. Labda kweli. Labda karatasi zina wenyewe, wenye vichwa. Akaushika mkasi, akaufungua juu ya kitambaa.

Mkono ukakataa. Kola ya mtoto wa miaka kumi, kabla ya kushonwa, ni shubiri yake moja na vidole vinne. Hakusomeshwa na mtu. Kola zenyewe zilimfundisha, maelfu kwa maelfu. Na hii hapa ilikuwa shubiri moja na vidole viwili.

Akaweka mkasi chini. Akaanza upya, karatasi ya kwanza, pembe hadi pembe.

"Na hiki kisanduku cha pembeni?"

"Muhuri wa saiba huo," Gladys akajibu.

"Muhuri gani umeandikwa sentimita kumi?"

Akalaza futi juu yake. Tisa. Gladys akamnyang'anya futi, akapima mwenyewe, mara mbili. Tisa.

"Amebana michoro iingie kwenye karatasi, shetani yule wa saiba!"

"Wallahi," Da Suad akasema, "nimeona nguo zikisinyaa majini. Hii imesinyaa haijaguswa na tone!" Akacheka mpaka akaketi. Kisha akamtazama Kadzo, asicheke tena. "Mwanangu, mashati yote thelathini yangekwenda na maji."

Gladys alirudi saiba mbio, akamsimamia kichwani kijana wa hapo achape upya, mpaka kisanduku kikapimwa kumi kamili palepale mezani. Safari hii hata jora hawakuligusa kwanza. Da Suad akatoa leso kuukuu, wakakata shati moja la kujaribia, wakamvisha mjukuu wake. Kola ikalala shingoni kama iliyozaliwa hapo.

Kadzo akapigilia msumari ukutani, upande wa njiani, akaitundika pateni peupe. Hapo hapatakuwa na mlango wa chuma. Halafu akampa Gladys chaki.

"Mimi?" Gladys akauliza. "Si wewe ndiye uliyeona?"

"Soma kwanza. Anza na kisanduku."

Gladys akapima. "Kumi," akasema kwa sauti, barabara nzima isikie.

Wakaishusha pateni, Gladys akaichora kitambaani kwa chaki, ndipo Kadzo akaufungua mkasi, na buluu ikaanza kuachana.