Karani Kwanza, Kiberiti Baadaye

Pua yangu imekufa, mimi sijafa. Nilimwambia hivyo daktari, nikawaambia wanangu, na leo nakwambia na wewe ili tusisumbuane huko mbele.

Iliuawa na mafua. Mafua tu, haya haya ya kila mtu. Homa ikaondoka, kikohozi kikaondoka, nikasogeza kitunguu puani: kimya. Nikanusa sabuni, nikanusa mafuta ya taa, nikanusa hata ovaroli ya fundi gereji mmoja ambaye hafui: kimya! Daktari akanieleza kwamba neva za kunusa zimeumia, huenda zikapona, huenda zisipone. Akasema ladha ya chakula sehemu kubwa ni kazi ya pua. Ulimi wenyewe unajua mambo machache: utamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ule unono wa mchuzi wa nyama.

"Na pilipili je?" nikamuuliza.

"Pilipili si ladha, mama. Hayo ni maumivu."

Basi maumivu nimeachiwa. Ahsante.

Sasa mimi ni mpishi. Mafundi wote wa gereji iliyo ng'ambo ya barabara wanakula kwangu, na jikoni humo ndimo nilimowalelea wanangu wawili tangu baba yao alipofariki. Nikasema sifungi. Kitunguu kikiingia kwenye mafuta kinapiga kelele kwa sababu ya maji yake. Maji yakiisha kinanong'ona, na hapo ndipo unatia nyanya. Wali ukikauka sufuria inatoa mlio mwembamba. Miaka yote masikio yangu yalikuwa yanajua, ila pua ilikuwa inayasemea. Na chumvi? Nimekula chumvi nyingi, na bado naijua.

Ila gesi haipigi kelele.

Hapo ndipo anapoingia Karani. Karani ni mbwa wangu, mzee, macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho. Nilimpa jina hilo kwa sababu mgeni hapiti bila kukaguliwa. Hanusi kama sisi. Anavuta vipande vifupi vifupi, na daktari wa mifugo aliniambia kila tundu la pua yake linachukua harufu ya upande wake, ndiyo maana anajua kitu kiko kushoto au kulia bila kukiona.

Asubuhi moja baada ya yale mafua, Karani aligoma kuingia jikoni. Gunia lake la kulalia liko humo, na aligoma. Nikamfokea. Nilikuwa na kiberiti mkononi. Binti yangu, aliyekuwa amekuja kunijulia hali, akatokea nyuma yangu akapiga ukelele, "Mama, gesi!" Mpira wa mtungi ulikuwa umechakaa.

Siku hiyo kila mtu alipata somo lake. Wanangu waliona mama hafai tena kukaa peke yake. Mimi niliona kwamba Karani alijua kabla ya binti yangu. Gesi ya kupikia ni nzito, inatambaa sakafuni, na pua yake iko huko huko chini. Tangu hapo nikaweka sheria: Karani anaingia kwanza. Akienda kulala kwenye gunia lake, nawasha. Akisimama mlangoni, siwashi. Mafundi wakanicheka mpaka wakachoka.

Jumamosi moja mwanangu mkubwa akaja na dada yake kwa pikapu. Huyu mkubwa ni wakala wa bima. Kazi yake ni kuwauzia watu hofu, na siku hiyo mteja nilikuwa mimi.

"Mama, chumba chako kwangu kiko tayari," akasema. "Hutapika, utapumzika tu."

"Na Karani?"

"Mbwa kipofu wa nini, Mama? Daktari wa mifugo atamchoma sindano ya kumlaza moja kwa moja, wala hatasikia maumivu."

Lo! Nilihisi damu inanipanda kichwani. Kumbe kwao asiyeona anachomwa sindano, na asiyenusa anawekwa chumba cha nyuma.

"Godoro langu pakia ukitaka," nikamwambia, "lakini mtakula kwanza. Chakula kikiwa kibaya, nitapanda pikapu mwenyewe."

Wakaketi wakala. Wali, maharage, mchicha. Binti yangu akaongeza mara mbili. Mkubwa alifuta sahani kwa kidole kama alivyokuwa akifanya utotoni, halafu akajikumbuka, akaketi wima.

"Chakula kitamu, sibishi. Lakini hatari ni gesi, Mama." Kisha akalainika ghafla. "Tupikie basi chai, tunywe kabla ya kuondoka."

Nikavuka barabara kwanza kuwapelekea mafundi sufuria yao. Niliporudi, godoro langu lilikuwa juu ya pikapu, binti yangu yuko uani anaosha vyombo, mkubwa simwoni. Nikatoa kiberiti mfukoni.

"Ingia, Karani."

Akasimama kizingitini. Akashusha pua, akapiga chafya, akarudi nyuma mpaka akanigonga miguu.

"Ingia, mfupa wako uko ndani."

Ng'o!

Nikaacha kiberiti nje juu ya ukuta, nikafungua mlango wote. Nikaingia nimebana pumzi, nikapapasa koki za jiko. Moja ilikuwa wazi. Niliifunga mimi mwenyewe baada ya wali, mkono wangu unakumbuka. Nikaifunga tena, nikasukuma dirisha, na nje ya dirisha nikakutana uso kwa uso na mkubwa wangu, mdomo wazi, tayari kupiga kelele.

"Nilikuwa hapa hapa, Mama," akasema, jasho linamtoka. "Ungegusa kiberiti tu, ningekuzuia. Nilitaka uone mwenyewe kwamba huwezi."

Kikulacho ki nguoni mwako. Mjinga mimi, nilidhani methali hiyo inawahusu majirani. Iliniuma, nasema wazi, iliniuma kuliko siku nilipomzika baba yake.

"Haya, nimeona," nikamwambia. "Nimeona nani hatari nyumbani humu. Shusha godoro langu."

"Mama, nisikilize..."

"Thubutu! Shusha! Na siku utakayorudi, utakuja kama mgeni yeyote. Utasimama nje mpaka Karani akukague."

Binti yangu alikuwa ameshapanda kwenye pikapu, analia huku anavuta godoro. Mkubwa akasaidiana naye. Alipokuwa anarudi kuchukua ufunguo wa gari, alipita karibu na Karani. Karani akainua pua, akaunusa mkono wake, mkono ule ule uliofungua koki, akautambua. Mkia ukaanza kutikisika kwa furaha mpaka akayumba. Mkubwa akachuchumaa, akamkumbatia shingoni, akalia kama mtoto.

Sikumsogelea. Labda siku nyingine. Siku hiyo, hapana. Wenye pua walimtambua mwanangu. Mimi, na macho yangu mazima, nilikuwa nimempoteza.

Pikapu ikaondoka tupu. Nikaacha mlango na dirisha wazi mpaka Karani alipoingia mwenyewe na kujilaza kwenye gunia lake. Ndipo nikachukua kiberiti juu ya ukuta, nikawasha jiko langu.