Zamu ya Jumanne

Uliangalia pembeni. Usikatae, nilikuwa nyuma yako. Kajuju aliposimama baada ya misa hapa Githongo kuomba mtu wa kukaa na mama yake siku ya Jumanne, wewe ulianza kupekua kiondo kana kwamba umepoteza kitu.

Mimi sisahau. Mama yake, Ciakuthii, alipooza upande mmoja miaka minne iliyopita. Hageuki kitandani bila mtu. Aliyemgeuza kwanza ni Gatakaa, dada yake Kajuju. Gatakaa akapata uvimbe titini, akapangiwa siku ya kupimwa hospitali ya Nkubu, akaomba mtu amshikie mama. Hakupata. Siku ikapita. Ya pili pia. Alipofika, daktari alimwuliza tu alikuwa wapi muda wote huo.

Alipokufa ndipo tukajua kupanga. Jumuiya yetu ilibandika ratiba mlangoni pao: Bundi kuni, Karimi maji, na majina manane ya kukaa na mgonjwa kwa zamu. Siku sita Ciakuthii hakuachwa peke yake hata dakika. Tukamzika Gatakaa, tukabandua karatasi. Eti matanga yameisha.

Ciakuthii ameambiwa Gatakaa amekufa, amekataa kusikia. Wiki jana nilipeleka maziwa, nikamkuta Kajuju akimlisha uji.

"Gatakaa, umerudi kutoka Nkubu?" mama akauliza.

"Nimerudi, mama."

"Wamesema nini?"

"Wamesema nimepona."

Mama akajivuta kidogo kwa ule mkono mzima, akaacha nafasi kitandani. "Basi lala, umechoka."

Na Kajuju akalala pale, viatu miguuni, mpaka mama akasinzia.

Alinisindikiza hadi uani. "Nimeupata na mimi, ule uvimbe," akasema. "Titi la upande uleule. Jumanne napimwa Nkubu. Siku hizi nikimjibu, sijui ni sauti ya nani inatoka."

Tulienda pamoja kwa Kendi, mwenyekiti wa jumuiya.

"Dada Kendi, zile zamu za matanga, nipe siku moja tu, Jumanne."

"Jumanne napeleka ndizi sokoni Gakoromone. Na ile ratiba ilikuwa ya msiba, Kajuju."

"Kwa hivyo nife kwanza ndiyo muipange?"

"Wewe nawe una maneno." Kendi akacheka, akaingia jikoni. Tulisimama pale hadi chai ikanukia. Hakutoka.

Halafu ikaja Jumapili, na kiondo chako.

Leo ni Jumatatu. Kajuju ameshaahirisha kupimwa mara moja. Asubuhi ya kesho nitakaa na Ciakuthii mimi. Saa sita lazima niende kwa mume wangu, naye hajitoi kitandani, na kutoka hapo hadi jioni hakuna jina. Kajuju ameshika simu, anataka kuwaambia Nkubu kwamba haji.

Usimwombee. Usimtumie salamu. Acha kusoma, vaa viatu, panda hadi kwao umwambie mchana ni wako. Nenda sasa hivi, kabla hajapiga.